Matundu Kumi na Mawili Niliyoyaziba

Mkurugenzi wa shule yenu ya ufundi alikuja kwangu na soda mbili na daftari jipya, akaniomba niwaandikie ninyi wanafunzi wa ujenzi kumbukumbu za kazi yangu. "Papa Stanis," akasema, "uandike bintu bya kupatia batoto courage." Soda nilikunywa. Maneno ya kuwatia moyo nimeyatafuta wiki nzima, sijayapata. Nilicho nacho ni hasira. Nimekaa nayo tangu mwezi wa saba, na ninyi ndio mtakaoipokea kwa sababu ninyi ndio mnaojiandaa kurudia upuuzi uleule.

Mimi ni mwashi. Baba yangu alitoka Kongolo kuja Lubumbashi kwa kazi ya reli, akatamani niwe karani, nami nikaishia kwenye mchanga na saruji miaka arobaini na mitatu, nusu yake nikiwa kapita, yaani msimamizi wa mafundi. Nyumba za watu wenye pesa nimejenga, lakini chache. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimejenga madarasa na vituo vya afya, hapa mjini, njia ya Kasumbalesa, na hadi Kasenga kwenye mto Luapula.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nyumba yako ikiwa na joto, unachukua kiti unakaa nje. Mtoto wa darasa la tatu hana ruhusa ya kutoka. Mama aliyejifungua jana hawezi kutoka. Mgonjwa wa kifua anakohoa, na yule wa kitanda cha pili anavuta hewa ileile kwa sababu haina pengine pa kwenda. Ukijenga shule au hospitali vibaya, unamfungia ndani mtu asiye na pa kukimbilia, halafu wewe unakwenda zako kunywa bia. Mimi nimefanya hivyo, na ndicho ninachotaka kuwaeleza. Lakini kwanza mjue kwamba nilifundishwa vizuri, msije mkadhani nilikosea kwa kutojua.

Aliyenifundisha ni Mzee Donatien, mwashi mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyevaa koti la harusi yake kazini mpaka likakauka kwa saruji likaweza kusimama lenyewe. Siku niliyopewa kiwanja changu cha kwanza nilifika alfajiri na kamba na vigingi, nikaanza kupigilia ili akija akute nimemaliza. Akaja, akaving'oa vyote, akavitupa kwenye majani.

"Tafuta kiti," akasema.

"Kiti ya nini, Muzee?"

"Ya kukala. Utakala hapa tangu jua inatoka mpaka inaingia. Utaangalia fasi gani inapiga. Kesho njo utapiga bapiquet."

Nikakaa. Nilisimamisha fimbo katikati ya kiwanja na kila saa nikaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake. Wapita njia walidhani nimefiwa, mama mmoja akanipa pole na ndizi mbili. Jioni Mzee Donatien akarudi, akanikuta peke yangu.

"Umeona patron?" akaniuliza.

"Hakufika, Muzee. Nimekala paka mi moya."

"Alifika tangu asubui. Jua njo patron wa hii shantye. Bale bengine banavalaka paka kofia."

Bosi wa kiwanja ni jua, wengine wanavaa kofia tu. Tangu siku hiyo sikuwahi kupigilia kigingi bila kukaa kiwanjani siku nzima, na mafundi wengine walinicheka sana kwa hilo. Andikeni kwenye madaftari yenu, kwa sababu mwalimu wenu atawaambia kwa maneno marefu jambo lililo fupi. Huku kwetu kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Kuta fupi ndizo ziangalie macheo na machweo, nazo zisiwe na dirisha hata moja. Jua la saa tisa alasiri linaingia likiwa chini, linapita chini ya paa lolote utakaloweka, na hakuna pazia la kulizuia. Paa litoke nje ya ukuta kwa hatua nzima ya mtu mzima, au likae juu ya barza yenye nguzo ili watu wapate pa kusubiri. Madirisha yatazamane, upande huu na upande ule, yafunguke yote. Na juu kabisa, karibu na paa, weka matofali yenye matundu, yale tunayoyaita klostra, pande zote mbili, kwa sababu hewa ya moto hupanda na lazima ipate mlango wake. Hiyo haihitaji umeme. Haikatiki wakati wa mvua, haisubiri fundi kutoka mbali, haina kitufe.

Udongo nao alinifundisha yeye. Ninyi mnaona vile vichuguu vikubwa vya mchwa mnavipita tu. Udongo wake unashika kuliko wowote, ndio maana matofali ya Lubumbashi yanatoka humo tangu zamani. Tatizo ni tanuri. Kila tanuri linakula miti, na nilipoanza kazi miti ilikuwa hapo karibu, sasa wachoma matofali wanaifuata mbali kwa lori. Kwa hiyo tulijifunza kushindilia tofali kwa mashine ya mkono, udongo wa kichuguu na mchanga na saruji kidogo, bila moto. Mzee Donatien alikuwa anafinyanga donge, anaunyosha mkono, analiachia lianguke. Likibaki donge moja, maji yamezidi. Likisambaa kama unga, maji hayatoshi. Likivunjika vipande vinne au vitano, piga tofali.

Mimi kwa haraka ya ujana nilipiga matofali bila kuangusha donge, tena nikayaanika juani ili yakauke upesi. Yalipasuka yote. Mzee hakunigombeza. Aliniambia niyaponde mwenyewe kwa miguu, niyarudishe kuwa udongo, nianze tena, safari hii kivulini, nikiyafunika kwa majani na kuyanyunyizia maji kila siku wiki nzima. Siku mbili nilikanyaga huku mafundi wakipita wakiniimbia nyimbo za harusi. Darasa tulilojenga kwa matofali yaliyofuata lipo hadi leo. Mwezi wa sita, ile baridi ya asubuhi inayowafanya mvae makoti, watoto humo ndani hawatetemeki, na mwezi wa kumi hawasinzii. Mwalimu wa pale aliwahi kunisimamisha sokoni kunishukuru kwa sababu watoto wanamsikia mvua ikinyesha. Tuliweka dari chini ya bati. Kwenye shule nyingine mvua ikianza mwalimu anaacha kufundisha, anakunja mikono, wote wanasubiri. Hesabuni wenyewe mvua zetu za mchana kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, mjue mtoto anapoteza masomo kiasi gani kwa ajili ya dari.

Nimekosea mara nyingine pia, na hili ni la kuchekesha kidogo. Kule Kasenga niliacha matundu ya juu vizuri kabisa, madarasa yakapoa, mkurugenzi wa shule ya kule akafurahi. Nilisahau wavu. Baada ya miezi mitatu popo walihamia darini na ukoo wao mzima. Niliporudi kutembea nilimkuta mkurugenzi anafundisha jiografia huku ameshika mwavuli ndani ya darasa. "Papa Stanis," akaniambia bila kugeuka, "ulitujengea muzuri sana, hata bapopo banajua." Nikapanda ngazi siku ileile kuweka wavu. Sasa hivi matundu bila wavu mwanafunzi wangu yeyote anajua nitamfanya nini.

Basi mmeona kwamba nilijua. Sasa niwaeleze kuhusu matenite moja, yaani nyumba ya kujifungulia.

Ipo upande wa Naviundu, ndani ya uwanja wa kituo kimoja cha afya ambacho jina lake nitaliacha, kwa sababu wanaofanya kazi humo wameteseka vya kutosha. Palikuwa na dispensari ya zamani, kuta nene za matofali ya kuchoma, paa la juu, barza kuzunguka pande zote. Wanawake walikuwa wanajifungulia humo kwa kubanana. Mradi ukaja kujenga jengo jipya la wazazi, nami nikaitwa kuwa kapita. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kupumzika. Mchoro wenyewe haukuwa mbaya. Ulikuwa na klostra kumi na mbili juu ya kuta ndefu, sita na sita. Nilikaa kiwanjani siku nzima na kiti changu, nikapiga vigingi, kuta ndefu kaskazini na kusini.

Kesho yake akaja bwana wa mradi. Jina lake nalo nitaliacha, ingawa hilo linaniuma zaidi. Alisimama barabarani, akatafuta uso wa jengo kwenye kamba zangu, akatikisa kichwa.

"Papa Stanis, façade iko wapi?"

"Iko inaangalia kule, patron. Juu ya jua."

"Na avenue? Bakubwa batapita na motokari, baone nini? Mbavu ya nyumba? Tunaleta matenite ya kisasa, weye unaipatia avenue mugongo. Ugeuze."

Mnajua wenyewe ilivyo mjini kwetu. Jengo lisilotazama barabara watu wanaliona kama mtu aliyekunyima salamu. Hata duka la kuuza vocha lazima liangalie barabara. Na barabara ile iko upande wa magharibi. Nilimweleza habari ya jua la alasiri. Akacheka, akanipiga begani, akasema kutakuwa na viyoyozi vinne na madirisha ya vioo vikubwa vya aluminiamu. Halafu akaonyesha klostra kwenye mchoro. "Na hii matundu yote ya nini? Baridi ya climatiseur itatokea humo. Ukishajenga, ufunge."

Kisha akaongeza jambo dogo. Siku ya uzinduzi, alisema, mimi kama fundi mzee nitasimama mstari wa mbele kwenye picha, karibu na wakubwa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Niling'oa vigingi vyangu kwa mkono wangu na kuvigeuza. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kumaliza salama, na ile picha niliitaka, haya, nimesema. Fundi hapigwi picha mara nyingi. Klostra nilizijenga kwa sababu zilikuwa kwenye mchoro, kisha nikazijaza kwa ndani na nje, nikazipiga plasta, nikazilainisha mpaka usingejua palikuwa na kitu. Vioo vilichelewa mpakani Kasumbalesa wiki tatu kwenye foleni ya malori. Natamani lile lori lingekuwa bado liko pale.

Picha ninayo. Nimesimama mstari wa mbele na kofia mpya, jasho linanitiririka, na ilikuwa saa nne asubuhi tu.

Sikurudi pale muda mrefu. Mwaka jana, mwezi wa kumi, Mama Odile akanipigia simu. Mama Odile ndiye mkunga mkuu wa pale, mwanamke mrefu, wazazi wake walitoka Kasai, hana tabia ya kupoteza maneno.

"Papa Stanis, ukuye uone," akasema. "Mi nilizania ni malaria. Batoto banne, bote muili moto. Nikabapatia dawa, homa inakatala. Nikababeba inje kwa barza ya dispensaire, homa inaisha. Sasa unielezee, ni ugonjwa gani inaogopaka barza?"

Nilifika saa tisa alasiri. Viyoyozi vilikuwepo vyote vinne, safi, vimekaa ukutani. Umeme hakuna. Mama Odile aliniambia vilifanya kazi siku ya uzinduzi na siku nyingine chache, tangu hapo umeme ukija asubuhi unaondoka mchana, na ukija kidogo unaendea friji ya chanjo. Jenereta ipo, mafuta yake ndiyo hayapo. Jua lilikuwa limeingia kupitia vile vioo mpaka ukuta wa pili, juu ya vitanda. Vioo havifunguki. Kwenye kitanda cha kona alikaa msichana mmoja, Nadège, amejifungua mtoto wa kiume kabla ya mwezi wake, mtoto mdogo hata soksi zake zilikuwa zimefungwa kwa uzi. Alikuwa anampepea kwa kifuniko cha boksi la glavu. Nilimgusa mtoto mgongoni. Alikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi.

Watoto wanne walikuwa wanapewa dawa ya homa na hawakuwa wagonjwa. Ugonjwa ulikuwa ukuta wangu.

Nadège akaniangalia.

"Papa, njo weye ulijenga hapa?"

"Ni mimi."

"Na siku moya ulilala mu ndani?"

Nimetukanwa na watu wengi kwenye kazi hii, wenye mali, wachukuzi, na wazungu wawili. Hakuna aliyeniingia kama huyu mtoto wa kike aliyeuliza kwa upole, anataka tu kujua. Tulimbeba yeye na mtoto na wengine wote kwenda kwenye barza ya dispensari ya zamani, na hivyo ndivyo Mama Odile alivyofanya kila alasiri mpaka mvua zilipokolea. Kila siku saa saba, magodoro nje. Mtoto wa Nadège alipona. Anaitwa Elie. Mtoto mwingine, wa kitanda cha pili, hakuvuka mwezi ule. Mama Odile anasema alikuja amedhoofu, huenda hata kwenye nyumba nzuri asingevuka, na anasema hivyo kwa kunihurumia. Mimi sijui, na sitajua.

Nikaandika barua. Tuliandika pamoja, yeye kwa maneno ya uuguzi, mimi kwa maneno ya ujenzi. Tuliomba mambo matatu: klostra zifunguliwe, vioo vibadilishwe vifunguke, na barza ijengwe upande wa barabara. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingewashinda. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, likisema jengo limekidhi viwango na lina viyoyozi vinne.

Kisha mwezi wa saba mwaka huu wakaleta mashine, wakabomoa dispensari ya zamani. Walisema ni chakavu na inaharibu sura ya jengo jipya. Mahali pake wameweka changarawe, magari ya wageni yaegeshwe. Hakuna aliyemuuliza Mama Odile. Aliniita tena, nikamkuta amesimama kwenye changarawe, ameshika kalamu tu mkononi.

"Papa Stanis," akasema, "octobre inakuya. Nitabapeleka wapi?"

Mnaelewa sasa hasira yangu? Lile jengo la zamani ndilo lilikuwa limebuniwa vizuri. Halikula umeme, halikuomba mafuta, miti ya kuchomea matofali yake ilikatwa kabla mimi sijazaliwa na lingesimama miaka mingine mingi. Wamebomoa lililokuwa linaponya watu kwa sababu lilikuwa na sura ya kizee, wakaacha langu linalowapika kwa sababu linang'aa. Na ninyi, nimeona michoro yenu ukutani shuleni, mkurugenzi wenu alinionyesha kwa fahari. Vioo, vioo, vioo. Kumi kati yenu mmechora kliniki ya vioo. Hakuna hata mmoja aliyeandika kaskazini iko wapi.

Mwezi wa nane nilichukua nyundo na burini, ile patasi ya kuvunjia ukuta, nikapanda basi kwenda Naviundu. Sikuomba ruhusa ya mtu ila ya Mama Odile. Aliwasogeza wazazi upande mmoja, akatundika mashuka yaliyoloweshwa ili vumbi lisiwafikie. Sikuhitaji mchoro. Mtu aliyeziba anajua alipoziba: hatua mbili kutoka pembeni, kisha hatua tatu tatu, mkono mmoja chini ya dari. Niligonga, plasta ikalia tofauti, nikapiga burini. Ndugu za wagonjwa walibeba vifusi kwa mabeseni. Nadège naye alikuja, Elie mgongoni, sasa amenenepa, ananishangaa. Siku nne, matundu kumi na mawili, kila moja na wavu wake. Wanawake wakakata matete kule mtoni, wakayafunga mikeka mirefu, tukasimamisha nguzo upande wa barabara tukapata kivuli cha kuzuia jua la alasiri. Mama Odile akapanda kiti, akashika kipande cha bandeji mbele ya tundu la kwanza. Kikapepea. Akashuka, akakaa kwenye kile kiti, akalia kidogo, kisha akatufukuza wote tukanawe.

Wiki mbili watu walilala humo alasiri bila kupepewa.

Halafu ikatangazwa ziara ya wageni wa mradi. Siku mbili kabla, bwana yule alituma mafundi. Wakang'oa mikeka, wakachoma. Wakaziba matundu yote kumi na mawili, wakapaka rangi nyeupe. Vijana hao mafundi, mmoja wao alisoma shule yenu. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia, "Papa, balituambia." Nilitaka kumpiga kofi, nikakumbuka picha yangu yenye kofia, nikamwacha aende.

Wageni walikuja saa nne asubuhi, wakapiga picha, wakaondoka saa tano. Mama Odile alipewa barua ya kutakiwa kujieleza, kwamba aliruhusu mali ya mradi iharibiwe, na kwamba anaweza kuhamishwa mbali. Alipewa ukurasa mzima wa kujibu. Aliandika mstari mmoja: "Mukuye mulale humu saa nane ya muchana." Hadi leo hawajajibu na hawajaja kulala.

Mimi nilirudi wageni walipoondoka. Nimefungua tena matundu sita, yale ya upande wa barabara. La sita lilipofunguka kifundo cha mkono wangu wa kulia kilivimba kikawa kama kiazi, na sasa siwezi kushika hata kikombe, haya mnayosoma namtamkia mjukuu wangu anaandika. Daktari amesema nipumzike miezi miwili. Miezi miwili ni mwezi wa kumi na moja.

Matundu sita ya upande wa pili bado yamezibwa. Nilishawaambia, hewa isiyo na pa kutokea haiingii, kwa hiyo yale niliyofungua hayafanyi kazi yoyote mpaka haya yafunguke. Alama nimeziweka kwa penseli ya seremala, mtaziona. Jana Mama Odile alikuwa na wazazi saba, na watoto wawili kati ya saba wamezaliwa kabla ya wakati.

Nitakuwa pale Jumatatu saa moja asubuhi, nimekaa kwenye kiti, kwa kuwa kukaa ndiko ninakoweza. Nitawaonyesha kwa mkono wa kushoto. Njooni na burini, nyundo na wavu, na kitambaa cha kufunga pua. Mkiulizwa nani amewatuma, semeni ni yule aliyeziba.